Kwenda Mbingu bila kufa: anzia kiwanja cha chuo, Ifakara

KWANZA tuelewane, msomaji wangu. Mbingu ninayoizungumza hapa haihitaji toba wala jeneza. Ni kijiji, tena kina stesheni yake ya reli ya TAZARA, kina mashamba ya mpunga na kokoa, kina kiwanja cha mpira, na kiko Bonde la Kilombero mkoani Morogoro, kilomita kama 60 kutoka Ifakara ukishika barabara ya kwenda Mlimba. Wenyeji wamekwishachoka na utani. Ukiwaambia “ninyi mko jirani na malaika” wanakutazama kama mtu aliyeleta kichekesho cha mwaka 47.

Lakini kuna jambo moja linalochekesha kweli. Kuna watu huko San Francisco, Marekani, wanaolijua Bonde la Kilombero kwa ladha, yaani kwa ulimi kabisa, wakati kijana wa Sinza au Magomeni ukimtajia Mbingu anakuuliza kama ni kwaya. Hilo nitalifikia. Kwanza tupite kiwanjani, maana mimi bila mpira nisingefika huko.

Safari inaanzia Ifakara. Mji huu umelelewa na hospitali. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi ndio walioanzisha Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Waswisi wengine wakaja na maabara ya utafiti mwaka 1957, na maabara ile ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana duniani kwa mambo ya malaria. Mwaka 2010 kikaanza chuo kikuu kishiriki cha tiba cha Mtakatifu Fransisko. Ongeza wauguzi, ongeza watu wa kozi fupi, utaona kwamba ukirusha jiwe gengeni pale Ifakara una bahati kubwa ya kumpiga daktari mtarajiwa.

Na madaktari watarajiwa, kama binadamu wengine, wanapenda mpira.

Kiwanja ninachokisema ni cha chuo kimoja mjini hapo. Ukikiita stediamu utachekwa. Jukwaa kuu ni mwembe. Jukwaa la mzunguko ni baiskeli, maana Ifakara ni mji wa baiskeli tangu zamani, na pamoja na kwamba bodaboda zimejaa siku hizi, bado utakuta watazamaji wamepanga baiskeli zao kando ya mstari, kila mmoja amekalia kerieri yake kama yuko viti maalumu. Kiingilio hakuna. Vyumba vya kubadilishia nguo ni nyuma ya mwembe uleule. Kuhusu nyasi, nusu moja ya kiwanja inazo na nusu nyingine ilishazisahau, kwa hiyo timu inayoshinda kura ya shilingi haichagui upande wa jua wala upepo, inachagua nyasi.

Mpira unaanza saa kumi na nusu jioni, wanachuo na watu wa mtaani wamechanganyika. Hilo ndilo lililonivutia. Wiki za mitihani wanachuo hawatimii hata kumi na mmoja, ndipo wanapoingizwa wauza mchele, watoto wa wavuvi, mafundi baiskeli na madereva wa bodaboda ambao pikipiki zao zinabaki zinalindwa na mtoto mmoja kwa malipo ya maji ya barafu. Nilimwona winga mmoja, fundi wa kuziba pancha, akimtambuka beki wa mwaka wa nne mara tatu mfululizo hadi mwembe mzima ukasimama. Beki yule keshokutwa atakuwa na stethoskopu shingoni na fundi atakuwa kwenye foleni ya wagonjwa, lakini pale uwanjani ngoma ilikuwa wazi nani ni bosi wa nani.

Mwamuzi wa muda ni jua. Likianza kugusa miti, mpira umekwisha, hata kama mmefungwa goli la dakika ya mwisho na mnataka kurudisha. Sababu ni mbu. Hapa hawafanyi utani na mbu, tena wanamjua kwa jina, kabila na saa zake za kula. Pale Kining'ina, nje kidogo ya mji, watafiti wana kituo chao kikubwa wanachokiita Mji wa Mbu, ambako mbu wanafugwa kwenye majumba ya wavu ili wachunguzwe tabia. Wenye umri kidogo wanakumbuka pia kwamba bonde hili ndilo lililokuwa mstari wa mbele miaka ya 1990 kwenye kampeni ya vyandarua vyenye dawa, vile vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu, kabla nchi nzima haijaiga. Basi ukiona mshambuliaji anaacha penalti saa kumi na mbili na nusu na kukimbilia shati la mikono mirefu, usimwite mwoga.

Sasa niseme lililonikera. Nilikaa chini ya mwembe nikawauliza vijana watano wa chuo, wote wazaliwa wa mjini, wawili wa Dar, mmoja Mwanza, mmoja Arusha, mmoja Tanga: mmeshaona nini katika bonde hili? Mmoja alishafika mtoni. Wanne wanaijua hosteli, wodi, darasa, kiwanja na stendi ya mabasi. Shahada ya udaktari ni miaka mitano. Miaka mitano, kaka! Mtu anaishi mahali ambapo wazungu wanakata tiketi ya ndege kuja kupatazama, yeye anatoka na cheti na picha za mahafali.

“Tuko bize na vitabu,” akanijibu yule wa Tanga. Haya.

MTONI

Yule mmoja aliyefika mtoni hakwenda mbali. Kutoka mjini ukiifuata barabara ya Mahenge, kwa bodaboda ni muda mfupi tu, unafika Kivukoni. Jina limebaki, kivuko kimeondoka. Miaka nenda rudi watu wa Ulanga na Malinyi walivuka Mto Kilombero kwa pantoni, na masika mto ukifura ilikuwa kasheshe. Januari 2016 kivuko kilizama kwa dhoruba. Mwaka 2018 likazinduliwa daraja la mita 384, likaitwa Daraja la Magufuli, na leo unavuka huku unatafuna karanga.

Ushauri wangu ni huu: usivuke tu. Simama. Chini pale kwenye matete kuna ndege mdogo wa manjano aina ya kwera, anayesuka kiota chake kama kikapu. Ukimwona bila kuelezwa utasema ni ndege wa kawaida. Huyo ni kwera wa Kilombero, wataalamu walimtangaza kuwa aina mpya mwaka 1990, na makazi yake ni matete ya bonde hili. Kuna wazee wa Ulaya wanasafiri siku mbili kuja kumchungulia kwa darubini. Wewe una nauli ya bodaboda tu.

Halafu kuna samaki. Perege, kambale, kitoga, wakavu na wabichi. Wandamba ni watu wa mto huu tangu enzi, na mtumbwi wao wa gogo moja utauona bado ukikata maji. Kambale wa kukaanga na wali wa mchele wa hapohapo, mtu wangu, ule wali unanukia kabla hujafunua sufuria. Dar tunauziwa “mchele wa Kilombero” ambao mwingine sijui kama umewahi hata kuota ndoto ya Kilombero. Huku asubuhi vitumbua, mchana wali, usiku wali, na hakuna anayelalamika.

Maji unayoyaona pale darajani si ya mchezo pia. Mto Kilombero unakutana na Luwegu ndipo unapozaliwa Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka bonde hili. Kwa hiyo lile Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, linakunywa hapa. Ukiwa Sinza unatazama mechi kwenye televisheni, jua kuna vijito vya Mbingu na Chita vinavyokusukumia umeme.

MECHI YA UGENINI

Kinachowaokoa wanachuo ni mechi za kirafiki. Timu yao ina nahodha mmoja mfupi, mchangamfu, mwaka wa tatu, ambaye amejipa cheo cha katibu wa mambo ya nje. Yeye kazi yake ni kupiga simu vijijini kutafuta wapinzani. Wiki niliyokuwepo akawa amepata mwaliko wa Mbingu. Nikaomba nafasi kwenye gari, nikapewa kwa sharti la kuchangia mafuta.

Zipo njia mbili za kwenda. Ya kwanza ni treni. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na inapita bondeni humu moja kwa moja, kushoto tambarare, kulia milima. Watu wa bonde waliizoea pia treni yao fupi waliyoiita Kipisi, iliyobeba ndizi, kuku, mchele na umbeya kutoka kijiji hadi kijiji. Lakini ratiba za abiria zimekuwa za kubahatisha, kwa hiyo usifunge begi kabla hujauliza stesheni.

Njia ya pili ni barabara, na sisi ndiyo tuliyoishika. Mpaka Ifakara ni raha mustarehe: lami ya kutoka Kidatu, kilomita 66.9, ilizinduliwa Agosti 2024, na wanaokumbuka vumbi la zamani wanaizungumzia kama waliookoka. Lakini ukitoka Ifakara kwenda Mlimba, siku tuliyopita sisi ilikuwa vumbi tupu. Tuliondoka tukiwa na jezi nyeupe. Tulifika na jezi za rangi ya chai ya maziwa.

Hata hivyo sikutamani ifike haraka. Unapita Idete, unapita Namwawala, na upande wa kulia milima ya Udzungwa inakufuata kama mlinzi. Mpunga ukiwa mbichi, kijani kinaumiza macho. Kushoto nchi imelala chali mpaka macho yanachoka. Tambarare hii ya mafuriko iliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya ardhioevu muhimu duniani, karibu kilomita za mraba 8,000. Ndani yake anaishi sheshe, swala mwekundu mwenye manyoya mengi, ambaye wakati fulani wengi wa jamii yake duniani walikuwa hapahapa. Zamani wenyeji walimwona akiwa makundi kwa makundi. Siku hizi mashamba yameingia, ng'ombe wameingia, na sheshe amepungua sana. Kwenye gari letu nilipomtaja, wachezaji wawili walidhani natania, wakadhani ni jina la mchezaji wa Kongo.

Mwenye kosa nani? Mimi siwezi kumnyooshea kidole mkulima wa mpunga huku nimeshiba wali wake. Ila najua kijana asiyemjua sheshe hawezi hata kuuliza amekwenda wapi.

Tulipofika Mbingu kilichonimaliza ni kiwanja. Goli moja limeipa mgongo milima, na milima yenyewe si ya kubahatisha, ni ukuta wa msitu unaopanda moja kwa moja kutoka mashambani hadi kwenye mawingu. Kipa wa upande ule akisimama kwenye mstari anaonekana kama kibiriti kilichosimamishwa mbele ya kabati. Goli la pili linatazama bondeni. Nguzo ni miti ya msituni iliyochongwa kwa panga. Sheria ya mpira inataka mita 7.32 kutoka nguzo hadi nguzo. Hapa walipima kwa hatua za mzee mmoja mrefu, na goli la mlimani limezidi kidogo lile la bondeni. Wenyeji wanajua. Kipindi cha kwanza walichagua kushambulia mlimani. Tukaenda mapumziko tumefungwa mbili bila.

Kijiji kizima kilikuwa pale. Watoto walikaa juu ya mstari wenyewe wakawa wanarudishwa nyuma kwa fimbo ya mwamuzi msaidizi, ambaye alikuwa na fimbo badala ya kibendera. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua aliwaita wachezaji wetu wote “dokta”. Dokta pasi huko! Dokta umelala! Na kila dokta akikosa goli, cheko linapanda mpaka mlimani.

Wakati wa mapumziko ndipo mzaha ukageuka. Bibi mmoja alikuja taratibu akiwa na mjukuu mgongoni, mtoto wa miaka kama mitatu, akamwendea beki wetu wa kushoto aliyekuwa anakunywa maji.

“Shikamoo… aah, nakuamkia nini, wewe ni mwanangu. Dokta, huyu ana homa toka jana. Hali.”

Kijana akaweka chupa chini. “Marahaba nikuitikie vipi, bibi, shikamoo wewe.” Akamgusa mtoto shingoni kwa kiganja, akamwangalia viganja na ndani ya kope. Hakuwa na kipimo chochote, alikuwa na soksi zilizojaa tope. “Amepimwa?”

“Bado. Tulikuwa tunangoja Jumatatu.”

“Bibi, msingoje Jumatatu. Mimi bado mwanafunzi, sina ruhusa ya kutibu, lakini nakuambia kama mwanao: huyu aende zahanati sasa hivi akapimwe malaria. Saa hii hii.”

Bibi akatazama barabara, akatazama mtoto. Nauli. Hakuisema, lakini sote tuliiona. Beki wa kushoto akavua jezi, akaibadili na shati, akaenda kumtafuta dereva wetu. Nahodha akapiga kelele: “We, kipindi cha pili kinaanza!” Yule akajibu bila kugeuka: “Anzeni.”

Tukacheza kumi. Katibu wa mambo ya nje akarudi beki ya kushoto mwenyewe, mfupi vile, akawa anapitwa kama mlango wa daladala. Cha ajabu mashabiki wa Mbingu, waliokuwa wanatucheka dakika ishirini zilizopita, wakaanza kutushangilia sisi. Mwenyekiti wa kijiji akataka timu yake nayo imtoe mtu mmoja ili mambo yawe sawa. Vijana wake wakakataa katakata, mpira ni mpira. Tukarudisha goli moja, la kichwa, kwenye lile goli kubwa la mlimani. Mbili kwa moja. Gari lilirudi zikiwa zimebaki dakika chache: mtoto amekutwa na malaria, ameanzishiwa dawa, bibi amebaki naye zahanati. Beki akataka kuingia. Mwamuzi akamkatalia kwa sababu alishavua jezi. Sheria ni sheria hata Mbingu.

CHOKOLETI

Baada ya mechi, kabla ya wali, vijana wa timu ya wenyeji walitupitisha mashambani. Hapa ndipo San Francisco inapoingia.

Mtanzania akisikia kokoa anafikiri Kyela, na hakosei, Kyela ndiyo yenye mzigo mkubwa. Lakini miguu ya milima hii nayo inaotesha kokoa, chini ya migomba na miti mikubwa, na mwaka 2013 ilianza hapa Mbingu kampuni inayoitwa Kokoa Kamili. Utaratibu wao una akili. Badala ya kila mkulima kuchachusha na kuanika kokoa yake mwenyewe uani, mwenye mvua yake na kuku wake, wao wananunua mbegu mbichi siku ileile zilipotolewa kwenye ganda, kisha wanazichachusha kwa pamoja kwenye masanduku ya mbao na kuzianika mezani kwa uangalifu. Mkulima anapata pesa yake mapema, na ladha inakuwa moja. Watengenezaji wa chokoleti za bei mbaya wakaipenda. Dandelion, wale wa San Francisco, wameuza chokoleti yenye jina la Kokoa Kamili na Tanzania kwenye karatasi yake.

Mwenyeji wetu mmoja, namba tisa aliyetufunga goli la kwanza, alipasua ganda kwa kulipigiza kwenye jiwe. Ndani mbegu zimejipanga kama meno, zimevikwa nyama nyeupe inayoteleza. Unanyonya ile nyama. Ni tamu, ina uchachu wa stafeli kwa mbali, na haina hata chembe ya harufu ya chokoleti. Mbegu yenyewe ukiitafuna ni chungu, unatema. Harufu unayoijua inakuja baada ya siku kadhaa za kuchachuka na kuanikwa, halafu kukaangwa huko iendako.

Nikamuuliza namba tisa kama amewahi kula chokoleti. Akasema ndiyo, pipi zile za dukani. Ya kokoa yake mwenyewe, je? Akacheka. “Hiyo inasafiri, kaka. Sisi tunabaki na kiwanja.”

Wanachuo walikuwa wamenyamaza, kila mmoja ana mbegu mdomoni. Yule wa Tanga, wa bize na vitabu, alikuwa amejaza maganda mawili kwenye begi la viatu.

Usiondoke Mbingu bila kupiga macho kwa masista Wafransisko. Konventi yao inajulikana bonde zima, na wamekuwa wakifua umeme wao kwa maji yanayoshuka mlimani, jambo ambalo linanifanya niwaheshimu kuliko wanasiasa kadhaa niwajuao. Na ukitazama juu ya konventi, ule msitu ni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Kilombero. Usijiingilie kienyeji, tafuta kibali na mwenyeji. Tembo wanapita kati ya milima na bonde, na tembo hana utani na mtu mwenye simu ya kupigia picha.

UKIWA NA SIKU ZAIDI

Sisi tulirudi. Wewe ukiwa na siku mbili za ziada na fedha ya kutosha, songa mbele. Utapita Mngeta, kwenye shamba kubwa la mpunga lililoanzishwa miaka ya 1980 kwa ubia na Korea Kaskazini, halafu Chita, ndipo utakuwa jirani na Kihansi. Hapo ndipo nyumbani kwa vyura.

Ndiyo, wale wale. Vijiweni tulicheka sana tuliposikia vyura wamepandishwa ndege kwenda Marekani. Kisa kamili kinatia huruma zaidi ya kuchekesha. Chura huyu ana urefu usiozidi sentimita tatu, rangi ya dhahabu, hatagi mayai bali anazaa watoto kamili. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi ukiendelea, akiwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo la hekta chache. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza, maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Wakachukuliwa vyura karibu 500 mwaka 2000 wakapelekwa kwenye bustani za wanyama za huko, Bronx na Toledo zikawa ndizo zilizofanikiwa kuwakuza. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Wajukuu wa wale waliopanda ndege wakarudishwa nchini mwaka 2010, wakaanza kuachiwa Kihansi 2012, huku mabomba maalumu yakiwanyunyizia maji. Watu wanasema serikali ilihangaika na vyura. Mimi nasema hata ukiwacheka, utamaliza kicheko ukiwa na taa inawaka nyumbani kwako.

Reli yenyewe ikishapita Mlimba inaanza kupanda kwenda Makambako, na kipande hicho kina mahandaki 18. Usiku huoni kitu. Ukipata treni ya mchana, usilale.

Kwa wenye haraka wanaorudi Dar, shukia Mang'ula, lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992. Maporomoko ya Sanje yana mita 170 na kupanda kwake ni jasho la haki. Msituni kuna ngolaga wa Sanje, nyani ambaye sayansi ilimtambua mwaka 1979 tu, wakati wenyeji walikuwa wanamsikia kila asubuhi. Mengi yamekwishaandikwa kuhusu Udzungwa, sitakuchosha.

Mambo ya pesa na mavazi: beba shati la mikono mirefu kwa ajili ya jioni, chandarua kama huiamini gesti yako, fedha taslimu kwa vijijini, na viatu ambavyo huvionei huruma. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Masika usijaribu ubishi. Mto Lumemo umewahi kuingia mitaani Ifakara kwenyewe, na masika ya 2024 watu wa bonde hili wanayakumbuka vizuri. Lakini jambo la kwanza ukifika Ifakara ni kwenda kiwanjani saa kumi na nusu. Simama kando ya mwembe. Ukiulizwa unacheza namba ngapi, taja yoyote, maana mwenye gari la ugenini huanza kuhesabu watu hapohapo.

Mechi ya marudiano ilishapangwa kabla hatujapanda gari. Mbingu watakuja Ifakara. Mwenyekiti wa kijiji aliweka sharti moja: beki wa kushoto aanze. Nahodha akakubali, naye akaweka la kwake, kwamba safari hii magoli yapimwe kwa futi kamba.